Hati safi na boma lisiloezekwa: ripoti ya CAG inasema nini, na mbunge wako anaingia wapi

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule tunayemwita CAG, humkabidhi Rais ripoti zake. Majuma machache baadaye zinawekwa mezani bungeni Dodoma, na siku hiyohiyo vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, vinachangamka. Mmoja anasema "wamekula tena". Wa pili anamjibu kwamba halmashauri yake imepata hati safi, kwa hiyo wanaopiga kelele ni wanasiasa. Wa tatu anauliza kwa nini CAG hajawakamata. Wa nne anamtetea mbunge: mwaka jana si alitoa mabati ya shule?

Wote wanne wameshika kipande cha jambo, na hakuna aliyelishika lote. Nadhani tatizo ni kwamba tumezoea kusikia tarakimu kabla ya kuelezwa kinachopimwa. Tuanze chini kabisa.

CAG yupo kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba. Kazi yake ina sehemu mbili. Kwanza anadhibiti: fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina lazima ziwe na idhini yake, ili kuhakikisha zinatoka kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Pili anakagua: angalau mara moja kwa mwaka anapitia hesabu za wizara, halmashauri, mahakama na Bunge lenyewe. Katiba inasema halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote katika kazi hiyo. Hata Rais akiikalia ripoti, CAG anaruhusiwa kuipeleka moja kwa moja kwa Spika.

Ila hana mahabusu. Hana hakimu. Anachotoa ni karatasi, na karatasi hizo ni za aina mbili ambazo watu huzichanganya kila mwaka: hati na hoja.

Hati ni maoni yake juu ya vitabu vya hesabu. Zipo nne. Hati inayoridhisha, ndiyo hiyo tunayoiita safi, maana yake hesabu zimeandikwa kwa kanuni na zinaonyesha picha ya kweli. Hati yenye shaka: kuna maeneo hayaeleweki, mengine yako sawa. Hati isiyoridhisha: hesabu zinapotosha, usizitegemee. Ya nne si hati hasa, ni mkaguzi kusema ameshindwa kutoa maoni kwa sababu hakupewa nyaraka za kutosha. Hoja, kwa upande wake, ni jambo mojamoja ambalo mkaguzi ameliona na anataka lijibiwe: malipo yasiyo na viambatisho, masurufu ambayo ofisa alichukua na hakurejesha, mkataba uliosainiwa kabla zabuni haijakamilika. Halmashauri inaweza kupata hati safi ikiwa na hoja hamsini mkononi. Hakuna mgongano hapo.

Watu wa Kibirizi, huku ziwani, wataelewa haraka nikiwapeleka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Chukua mtumbwi wa dagaa wenye wamiliki watano. Nahodha ana karani mwenye daftari. Petroli lita sitini, risiti ipo. Betri za taa, risiti ipo. Posho ya wavuvi, kila mmoja kasaini. Asubuhi mtumbwi unarudi na nusu beseni, kwa sababu nahodha aliupeleka upande ambao kila mvuvi anajua msimu huu hauna kitu, na taa alizonunua ni za bei ya juu kutoka duka la shemeji yake. Mkaguzi akifungua daftari, daftari ni safi. Kila shilingi ina karatasi. Lakini wamiliki wamepata hasara, na walichohitaji kuuliza hakimo kwenye daftari: nani aliamua twende kule, na kwa nini tulinunua pale?

CAG hulijibu swali la aina hiyo kwenye ripoti nyingine, za ukaguzi wa ufanisi, ambazo hazipimi daftari bali hupima kama fedha imezaa kitu. Ndizo ripoti bora kuliko zote kwa msomaji wa kawaida, na ndizo zisizosomwa. Magazeti hukimbilia hati kwa sababu hati ina rangi mbili tu, safi na chafu, na inaingia vizuri kwenye kichwa cha habari.

Sasa tuje kwenye upotevu wenyewe. Ukisikia "CAG abaini mabilioni", usiyaweke yote kwenye kapu la wizi. Baadhi ni malipo ambayo nyaraka zake hazikuonekana siku ya ukaguzi na zitaonekana baadaye, zipo stoo kwenye boksi lililoloa mvua. Baadhi ni wizi wa wazi. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi uliibua majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa waliokuwa wakilipwa mshahara kila mwezi, na kwa miaka mingi mishahara hiyo ilipita kwenye orodha zenye saini. Mashine za POS, zile ndogo za kutolea risiti ya ushuru, nazo zina hadithi yake: ripoti za CAG zimerudia mwaka baada ya mwaka kwamba kuna fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo kwenye halmashauri mbalimbali na hazikufika benki. Mama anayeuza dagaa ametoa ushuru wake, risiti anayo. Kutoka pale kwenda kwenye akaunti ya halmashauri ndiko njia inakopotelea.

Lakini sehemu kubwa ya kinachotuumiza haimo kwenye wizi. Ni ubadhirifu, na ubadhirifu mara nyingi ni halali kabisa kwenye makaratasi. Mkandarasi wa barabara amemaliza kipande chake, serikali imechelewa kumlipa, mkataba unasema ucheleweshaji una riba. Riba inalipwa kwa vocha sahihi, saini zote zipo, na kwa fedha hiyo hakuna hata mita moja ya lami iliyoongezeka. Au boma: zahanati inajengwa hadi kwenye lenta, bajeti ya mwaka inaisha, mwaka unaofuata kijiji kingine kinaanzishiwa boma jipya kwa sababu uzinduzi wa jiwe la msingi una picha na kuezeka hakuna picha. Mvua ya Kigoma inanyesha miezi mingi, na matofali yasiyo na paa hayavumilii masika mawili. Au mashine ya eksirei inafika kituo cha afya kabla ya mtaalamu wa kuiwasha na kabla ya umeme wa kutosha. Hakuna hata mmoja hapo aliyetia fedha mfukoni. Kwa nini basi tunaishia kusema "wamekula"? Kwa sababu tukisema hivyo, anayetakiwa kujibu ni mwizi asiyejulikana. Tukisema "mmeamua vibaya", lazima wajibu waliokaa kwenye kikao.

Hebu tutazame jambo moja kwa karibu. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliokuja kama fedha za kukabili UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Kazi ilifanywa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkubwa: shule inaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, inatafuta fundi wa eneo hilo, inanunua vifaa yenyewe. Madarasa yalisimama kwa miezi michache, na mtu akinibishia kwamba ule haukuwa utekelezaji wa kasi nitamkatalia. Ila tazama hesabu. Kiwango kilikuwa kilekile pwani na huku Kigoma, mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, ambako mfuko wa saruji na bati vinafika vikiwa vimeshabeba nauli yao. Mwalimu mkuu, ambaye amesomea kufundisha Kiswahili na jiografia, ghafla ni meneja wa mradi mwenye ankara, vocha na tarehe ya mwisho.

Kwenye mradi kama huo, anayetaka kujua fedha ilitumikaje haanzi na ripoti ya kurasa mia nne. Anaanza na leja ya stoo. Mifuko mingapi ya saruji iliingia, mingapi ilitoka, kwa tarehe ipi, na nani alisaini mapokezi. Kama leja inasema mifuko 150 imetumika na ukuta unabomoka kwa kucha, huhitaji shahada ya uhasibu. Kamati ya mapokezi ni wanakijiji wenzako, unawajua kwa majina. Sijui kwa nini tunapenda kuanzia Dodoma wakati daftari la kwanza liko kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Na mbunge?

Hapa ndipo kwenye mkanganyiko mzito, na kwa kweli wabunge wenyewe wameulea. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, kuisimamia na kuishauri Serikali. Kusimamia na kushauri. Kujenga, kuezeka, kununua gari la wagonjwa, hizo ni kazi za serikali. Tena ibara ya 99 inamzuia mbunge kuleta bungeni pendekezo la matumizi mapya ya fedha za umma. Hilo linatoka kwa Rais kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge anayesimama jukwaani Uvinza au Kasulu na kusema "nimewaletea bilioni mbili za barabara" anaazima sifa. Anaweza kuwa aliisemea barabara hiyo bungeni, alimfuata waziri koridoni, alipiga kelele hadi ikaingia kwenye mpango. Hiyo ni kazi halali na ngumu. Lakini fedha ni ya kodi, na ingekuwa vema aseme pia ni mara ngapi aliuliza barabara ile ya mwaka juzi ilimezaje fedha zake.

Nguvu alizonazo ziko sehemu tatu. Anapitisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Anauliza maswali, na waziri analazimika kuyajibu hadharani. Na anakaa kwenye kamati, ambako kazi halisi hufanyika. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, inachambua ripoti za CAG upande wa wizara. Ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inachambua za halmashauri. Mkurugenzi anaitwa, anakaa kitini, anaulizwa hoja moja baada ya nyingine. Kanuni zimeziweka kamati hizi chini ya wenyeviti wa upinzani, ili anayeuliza asiwe wa nyumba moja na anayeulizwa. Kanuni hiyo inahitaji kwanza upinzani uwepo bungeni kwa idadi ya maana.

Kigoma ina mfano wake, na ni mfano mzuri. Novemba 2014 PAC ikiongozwa na Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, iliwasilisha taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu na zikatolewa katika mazingira yenye utata. Msingi wa taarifa ile ulikuwa ukaguzi maalumu wa CAG. Bunge lilijadili hadi usiku na kupitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu. Mnaona mlolongo? Mkaguzi aliandika, kamati ikachambua, Bunge likaazimia, mwenye mamlaka ya uteuzi akachukua hatua. Kiungo kimoja kikikatika, ripoti inabaki kuwa kitabu kizito.

Kiungo hukatika kwa sababu ambazo zipo ndani ya Katiba yenyewe. Bunge haliwezi kumfukuza waziri; linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye, basi. Mawaziri wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, kwa hiyo kila anayeuliza swali kali anajua kwamba anayemuuliza huenda kesho akawa mwenzake mezani. Bunge likikataa bajeti, Rais ana uwezo wa kulivunja, na hapo mbunge anarudi kuomba kura kabla ya wakati wake. Na mbunge akivuliwa uanachama wa chama chake anapoteza kiti. Chama kinaweza kumwondoa kesho asubuhi. Nyie mliompigia kura mtasubiri miaka mitano. Mtu yeyote mwenye akili timamu atamwogopa nani zaidi?

Tulikaribia kulibadilisha hilo. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na kifungu cha kuwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ambamo wabunge walikuwa wengi, lilikiondoa, na Katiba Inayopendekezwa ikatoka bila hicho kifungu. Nasikia mara nyingi watu wakisema "tutamrudisha nyumbani mwakani" kana kwamba utaratibu upo. Kenya waliuandika kwenye katiba yao ya 2010. Kwetu haupo.

Wakati fulani mvutano ulikuwa kati ya mkaguzi na Bunge lenyewe. CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, alipohojiwa nje ya nchi alizungumzia udhaifu wa Bunge katika kufanyia kazi ripoti zake. Januari 2019 aliitwa kuhojiwa Dodoma, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mtu anaweza kuona alitumia lugha isiyofaa. Mimi naona ajabu kwamba neno lile lilijadiliwa kwa hamasa ambayo hoja nyingi za ukaguzi hazijawahi kuipata.

Turudi jimboni. Kuna fedha moja ambayo mbunge anaisimamia kwa mkono wake: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha inakuja kwa jimbo, na kamati inayoigawa inaongozwa na mbunge mwenyewe. Yale mabati ya shule mara nyingi yametoka huko. Si pesa yake, hakuuza ng'ombe. Mtu aliyechaguliwa kuuliza fedha zimetumikaje sasa naye ni mtumiaji, na siku ya kuulizwa anakaa upande wa pili wa meza. Sisemi mfuko ufutwe, kuna madawati yamepatikana. Nasema orodha ya miradi yake ni halali yako kuiomba kwa ofisa mipango wa halmashauri, ambaye ndiye mwenye kumbukumbu.

Kuna pia ambalo hatulisemi: hoja ya CAG ikifanyiwa kazi kwa pupa, wanaoumia si wale waliokosea. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti kuonyesha marejesho mabovu na vikundi visivyokuwepo. Iliporudi ilikuwa mwaka 2024. Katikati hapo, kikundi cha akina mama wa kukamua mawese kilichorejesha hadi senti ya mwisho kilikaa kikisubiri sawasawa na kikundi hewa. Swali la kumuuliza mbunge na diwani wakati ule lilikuwa: waliosaini mikopo ya vikundi hewa wako wapi?

Milango ya mwananchi ipo, midogo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Usiposomewa, hilo peke yake ni kosa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa haki ya kuomba nyaraka kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Maswali na michango ya kila mbunge yamo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina la wako. Ukikuta mwaka mzima amepongeza na kushukuru, umeshapata jibu.

Manispaa ya Kigoma Ujiji ilipewa mlango mpana zaidi kwa muda. Mwaka 2016 ilichaguliwa kuwa moja ya serikali za mitaa 15 duniani za majaribio katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, OGP. Manispaa ya mwisho wa reli, meza moja na majiji makubwa. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa kwenye mpango huo na Kigoma Ujiji ikatoka nayo. Bado linaniuma, na sijaona mtu akilitaja kwenye kampeni.

Limebaki jambo la kalenda, na hili hata wanaofuatilia siasa hulisahau. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ukaguzi wake unakabidhiwa Machi ya mwaka unaofuata. Uchaguzi mkuu ni Oktoba. Maana yake mwaka wa fedha 2024/25 ulifungwa Juni 2025, watu wakapiga kura Oktoba 2025, na ripoti ya ukaguzi wa mwaka huo tarehe yake ni Machi 2026, wakati baadhi ya waliopitisha bajeti ile hawana tena kiti cha kuulizwa. Itakuwa hivyohivyo 2030. Mwaka wa mwisho wa kila Bunge haukaguliwi hadi kura zimeshahesabiwa. Kwa mwaka huo, kitu pekee unachoweza kukisikia kabla ya sanduku la kura ni taarifa za kila robo mwaka zinazosomwa kwenye baraza la madiwani. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo, kikao chake kiko wazi kwa wananchi, na viti vya nyuma huwa havijai.